Mwaka Tuliomtoa Sahra Majini

Wanza hajui kuanza simu kwa salamu. Tangu nimjue ni hivyo hivyo, anaanza na jambo lenyewe, na uuguzi wa miaka mingi umemzidishia tabia hiyo. "Zena, Sahra amefariki. Alfajiri. Wameshamzika." Nilikuwa nyumbani kwangu Voi, kisu mkononi, nakata sukumawiki. Nikasema Innaa lillahi, nikaendelea kukata mpaka nikaona nimeanza kukata na mashina. Hapo ndipo nilipokaa chini na kulia kwa kwikwi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita. Ningependa kusema nilimlilia rafiki. Lakini rafiki gani huyo ambaye sikumtia machoni miaka kumi na mitano? Tulisalimiana kwa simu siku za Idi, basi. Nililia kwa sababu kulikuwa na neno moja nililotakiwa kumwambia mwaka ule wa Garissa, neno lililohusu yeye na lile bwawa, na kila Idi nilikuwa najiambia, safari hii nitamwambia. Sasa kamzike nalo, Zena.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya wasichana, na nimepanga chumba kimoja mtaa wa Iftin, chenye dirisha moja dogo na bati lililokuwa likitema moto kutoka saa tatu asubuhi. Joto la Garissa si la kusimuliwa. Nililala nimeweka miguu kwenye beseni la maji, na asubuhi mama mwenye nyumba alinigongea na sahani ya anjera, mikate yao laini ya maji, zilizonyunyiziwa mafuta ya ufuta na sukari, pamoja na chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki, kisha akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Nilifika pale mwembamba na nikanenepa kwa wema wa watu. Hilo nalisema mapema, kwa sababu nitakayosimulia yanaweza kumfanya mtu adhani watu wale walikuwa wabaya. Hawakuwa wabaya. Mimi pia, mpaka mwaka ule, nilijihesabu mtu mwema.

Chama chetu kilianza na wanawake watano waliomwomba meneja wa hoteli moja iliyo nje kidogo ya mji atuachie bwawa Jumamosi asubuhi. Alikubali. Tukafunga maturubai kuzunguka uzio wote, askari akakaa nje ameupa uzio mgongo, na wapishi wakaonywa wasikanyage upande ule. Wanza ndiye aliyejua kuogelea, alijifunza alipokuwa chuo cha uuguzi, basi akawa mwalimu wetu. Tulijifunza na jerikeni tupu za mafuta ya kupikia, kifuniko kimekazwa, umeikumbatia kifuani, unapiga miguu huku unamtaja Mungu. Lo, zile kelele! Walikuwamo wake wa wafanyabiashara, makarani, walimu, mama mmoja aliyekuwa na wajukuu tisa. Meneja alilalamika kwamba tunamwachia maji yenye utando wa mafuta ya nywele, na kwamba bwawa zima linanukia unsi, ule ubani wa kufukiza nguo, mpaka Jumatatu, tukaambiwa tuoge kabla ya kuingia. Na nguo zetu za kuogelea, suruali ndefu na kanzu fupi yenye mikono mpaka viganjani, za kitambaa chepesi kisichong'ang'ania mwili, zote zilishonwa na mtu mmoja, fundi Sahra.

Sahra alikuwa na cherehani kwenye kibanda karibu na soko, na alitembea na mkongojo mmoja. Alianguka kisimani utotoni, nyonga ikavunjika, ikaungwa kienyeji na haikukaa sawa tena. Nilimpelekea kitambaa changu, akanipima, na alipokuwa ananipima kiuno akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, "Abaayo, huko majini mnaruhusu mtu wa mguu mmoja?" Abaayo ni dada, ndivyo alivyoniita kutoka siku ile. Nikamwambia miguu yake miwili naiona, asinitanie, aje Jumamosi. Alikuja. Wanza alimshika mkono mmoja na mimi mwingine, tukashuka naye zile ngazi za chuma, maji yakamfika kifuani, na Wanza akaniambia, "Mwachie." Nikamwachia. Sahra akasimama. Kisha akatembea, hatua moja, mbili, akavuka upana wote wa bwawa bila kushika kitu, akageuka kututazama uso umemlegea. "Hauumi," alisema. "Wallahi, Zena, hauumi." Mimi nimeona harusi, nimeona wanafunzi wangu wakifaulu, lakini furaha kama ile sijaiona. Kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na Wanza alisema nyonga inalegea, akiendelea hivyo ataweza kukaa kwenye cherehani siku nzima bila vidonge. Kwetu sisi lile bwawa lilikuwa starehe. Kwake lilikuwa saa tatu za juma zima ambazo mwili wake haukumuuma.

Katikati ya mwaka akaja meneja mpya. Mtu wa karatasi. Akasema hataki kundi la watu asiowajua, anataka chama kilichosajiliwa serikalini, chenye cheti, na wanachama wasizidi ishirini na wawili. Habiba, mwenye duka kubwa la vitambaa, ndiye tuliyemchagua mwenyekiti, na mimi kwa sababu ya hati nzuri nikawa katibu. Nafasi ishirini na mbili, wanawake karibu arobaini wanazitaka! Habiba alilitatua kama mambo yote yanavyotatuliwa kule, kuanzia bodi ya shule mpaka kamati ya kisima: kwa koo. Ukoo huu watano, ukoo ule watano, ule mwingine wanne, wale wadogo wawili wawili, na sisi wageni kutoka bara na pwani nne. Kila upande ukajichagulia watu wake wenyewe. Hakuna aliyenuna, na mimi nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mwenyekiti ametenda haki. Nilikuwa naamini hivyo. Sahra aliingia kwenye nafasi za ukoo wake, kwa sababu binamu yake Deka alimpendekeza.

Basi nikaanza kukusanya nakala za vitambulisho. Wote wakaleta, akabaki Sahra. Nikadhani amesahau. Jioni moja nikapita kibandani kwake, akanivutia kigoda, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaendelea kupinda upindo wa dera la mtu bila kunitazama. Alizaliwa Sangailu, alisema, hapa hapa Garissa, hajavuka mpaka wowote tangu kuzaliwa kwake. Lakini alipokuwa mtoto ukaja ukame, ng'ombe wa baba yake wakafa wakaisha, na kule Ifo kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na unga na mafuta na maharagwe. Baba akawapeleka watoto wakaandikishwa kama wakimbizi, wakapewa kadi ya rashani. Mvua iliponyesha wakarudi nyumbani na wakasahau. Miaka ikapita, akatimiza kumi na nane, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka vidole kwenye mashine. "Mashine ikasema mimi mkimbizi," alisema Sahra. "Baba alilia pale ofisini. Mzee mzima. Alisema, mimi nilikuwa natafuta unga." Tangu siku hiyo alikuwa akingoja kamati ya uhakiki wa uraia ije imsikilize. Hakusafiri kwenda Nairobi, hakufungua akaunti benki, hata laini ya simu ilikuwa ya Deka. "Wewe andika tu jina langu, abaayo," aliniambia, "namba uache."

Sikuacha. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia, na nalikiri. Ningeweza kwenda ofisini kuuliza kwanza. Lakini mimi ni mwalimu, nimezoea daftari lisilo na pengo, nikampelekea Habiba habari kwamba mwanachama mmoja hana namba, tufanyeje. Habiba akaitisha mkutano nyumbani kwake.

Nakikumbuka chumba kile vizuri kuliko vyumba vingi nilivyolala. Mito mikubwa myekundu imepangwa ukutani, mazulia mawili yamewekwa moja juu ya lingine, feni inazunguka kwa uvivu. Tulikula kwanza, kwa sababu kwa Habiba huwezi kuzungumza jambo na mtu mwenye njaa: sinia tatu za wali wa zabibu kavu na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni, unamenya ndizi unaila pamoja na wali. Sahra hakuitwa. Nilipotoka kwenda kunawa mikono nilipita mlango wa jikoni, na Habiba alikuwa ndani na dada yake wanaongea Kisomali. Kisomali changu cha kusikia kilikuwa kizuri kuliko cha kusema, na wao hawakulijua hilo. Dada yake alisema, "Unamfukuza kwa kadi ya rashani? Na sisi je? Baba hakutupeleka kambini?" Habiba akajibu kwa sauti ya chini sana, "Mimi nilikuwa na surua siku ile, nikaachwa kwa bibi. Ningekuwa mzima, leo ningekuwa yeye. Ndiyo sababu naogopa, unafikiri kwa nini?" Nilijitia hamnazo, nikanawa, nikarudi kuketi.

Mkutanoni Habiba hakusema lolote la surua. Alisema jina lisilo na namba kwenye orodha ya serikali litawaita polisi, ambao siku hizi wanasimamisha watu kila mahali kutafuta waliotoka kambini bila kibali, na siku wakiingia pale hotelini wakimkuta mmoja, meneja atafunga bwawa na sote tutakosa. "Mimi simchukii Sahra," alisema, na ninaamini hakumchukia. Wanza akasimama. "Kwani nyinyi mna wazimu? Nguo mlizovaa majini nani kawashonea? Huyu ni mgonjwa wangu, anatibiwa na yale maji." Mtu akamwambia dada Wanza, kaa, hayo ni mambo ya kwetu. Nikatazama upande wa Deka, binamu mtu, maana yeye angesema neno, ukoo wake wote ungesimama naye. Deka alikuwa anachezea pindo la mtandio. Habiba alikuwa ameshamaliza jambo hilo kabla ya wali: nafasi ya Sahra itabaki kwa ukoo wake, ataingia mwanamke mwingine wa ukoo huo huo, mke wa kontrakta. Hesabu ya koo haikuguswa, basi hakuna aliyeonewa. Mpaka leo nikifikiri jambo hili nashikwa na hasira, halafu hasira inanigeukia mwenyewe. Tuligawana bwawa kwa haki mpaka ikawa mtu mwenyewe haonekani, kinachoonekana ni kiti alichokalia.

Wakainua mikono. Wanza peke yake alipinga. Mimi sikuinua upande wowote. Nilikuwa naandika kumbukumbu, si mnaona, kalamu iko mkono wa kulia.

Habiba alisema ni vizuri habari ipelekwe na rafiki, kwa hiyo nilitumwa mimi. Sahra alinisikiliza mpaka mwisho, mguu wake mzuri ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Kisha akauliza, "Na wewe ulisemaje?" Nikasema nilikuwa naandika. Akanitazama kidogo. "Haye," alisema, neno lao la kukubali. "Uliandika vizuri?" Akainama chini ya meza akatoa mfuko, ndani yake nguo yangu ya pili ya kuogelea niliyoagiza, ameshaimaliza, akaikunja mbele yangu na kunipa. Nilitamani anitukane. Hakunitukana, alinisindikiza mpaka barabarani na mkongojo wake, kama kawaida.

Juma lililofuata nilipeleka orodha ofisini, ile ya maendeleo ya jamii. Wanachama ishirini na wawili, majina yamenyooka, namba zimenyooka, nakala zimebanwa kwa pini. Karani alikuwa kijana mcheshi, akapekua, akacheka. "Mwalimu, mbona umejitaabisha hivi? Kumi tu wanatosha. Viongozi na wengine mpaka wafike kumi. Hao wengine ni wenu wenyewe, sisi hatuwaulizi." Nikamwuliza kama ana hakika. Akanionyesha fomu. Ilikuwa na mistari kumi. Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu, ilikuwa na mistari kumi, na ningeiomba mapema ningeiona.

Hilo ndilo neno. Halikuwa kubwa zaidi ya hapo. Nilitoka pale ofisini jua la saa sita linanichoma utosini, nikijua kwamba hakukuwa na haja yoyote ya kumtoa Sahra, kwamba jina lake lingekaa kwenye daftari letu na serikali isingeliuliza kamwe. Nilikusudia kumwendea Habiba siku ile ile. Nilitembea hata nikafika kona ya duka lake. Nikamwona mke wa kontrakta amekaa ndani, anachagua kitambaa, anacheka, kesho yake ingekuwa Jumamosi yake ya kwanza. Nikafikiri: nikilisema hili, itabidi huyu atolewe, ukoo wake uulize, koo nyingine ziulize, mgao wote ufumuke, na kila mtu aseme katibu ndiye aliyetuletea balaa kwa kutosoma fomu. Niliona aibu. Ni aibu tu, sina jina lingine la kuipamba. Nikageuka nikaenda nyumbani, mama mwenye nyumba akanipa chai, nikanywa.

Nikaendelea kuogelea. Hapo ndipo watu wanaponishangaa ninapowahadithia, na wana haki. Nilivaa nguo aliyonishonea, nikajifunza kuelea chali, nikajifunza kuvuka urefu wote wa bwawa bila jerikeni. Sahra nilimwona mtaani. Mwezi mmoja baada ya kutolewa, mkongojo mmoja, baada ya minne, miwili. Alikwenda mara tatu mbele ya ile kamati ya uhakiki, wazee wakamshuhudia, akaambiwa faili limekwenda Nairobi. Kila tulipokutana aliniuliza nimefikia wapi katika kuogelea, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, Wanza anafundisha nini sasa, maji bado ni baridi asubuhi. Nikamjibu. Mwisho wa mwaka nikahamishiwa Voi, na nakiri nilipopata barua ya uhamisho nilishusha pumzi.

Kitambulisho alikuja kukipata, miaka kumi na moja baadaye. Wanza ndiye aliyeniambia. Wakati huo hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushikwa na watu wawili. Nilimwuliza Wanza kama yale maji yangemsaidia, nikitumaini atanidanganya kidogo. Hajui kudanganya. "Yasingemponya," alisema. "Lakini angetembea miaka mingi zaidi, Zena. Hilo unalijua."

Nilifika Garissa siku ya tatu ya msiba. Chumba kilijaa wanawake, mikeka ukuta kwa ukuta, harufu ya unsi, watoto wanapitisha chai. Mama yake Sahra alikaa pembeni ya kitanda kilichoondolewa godoro, mdogo wa mwili, tasbihi mkononi. Nikapiga magoti nikampa mkono, nikamwambia Mungu ampe subira, nikamtajia jina langu. Akanivuta karibu. "Zena mwalimu? Wewe ndio ya kuogelea?" Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kila neno lilifika. "Sahra nakutaja sana. Alisema, mwalimu alijaribu mbaka mwisho, ni serikali ilikataa. Mungu akulipe."

Ningeweza kusema amina. Ulimi ulikuwa tayari. Badala yake nikamwambia, pale pale, kwa sauti ya chini, mistari kumi ya ile fomu, karani, duka la Habiba, yote. Nililia nikiwa nasema. Mama alisikiliza, punje za tasbihi zimesimama kati ya vidole.

"Kumi?" aliuliza.

"Kumi, mama."

"Na wewe ulijua lini?"

"Mwaka ule ule."

Mwanamke mmoja akaja kuaga, mama akampa mkono, akamjibu dua zake zote, akamngoja aende. Kisha akanigeukia, na usoni mwake hakukuwa na hasira, ningefurahi ningeiona. "Sasa unaniambia mimi," alisema. "Mimi sikutaka kuogelea. Sahra alikuwa hapa, chumba hii, miaka kumi na tano. Simu alikuwa nayo."

Akamwita binti mmoja aniletee sahani, akasema mgeni ametoka mbali asiondoke na njaa. Ikaletwa, wali na nyama na ndizi. Mama akasogea kunipa nafasi kando yake, akaanza tena kuhesabu tasbihi, akingoja nile. Nikala mpaka nikamaliza, kwa sababu aliniangalia.